Albamu Inakamilika Lini? Miradi ya Studio kati ya Ludewa na Makambako

Karatasi ya mradi wa albamu huwa na mambo ya kutia moyo. Nyimbo 8. Kwaya au kikundi cha vijana kutoka Ludewa ndio msingi. Gitaa la solo atapiga mtu wa Njombe, kinanda atapiga mtu wa Makambako, wazee wa ngoma ya mganda watapanda kutoka Manda, kina mama wa ngoma ya kioda wataingia kwenye viitikio, na mwimbaji mmoja anayejulikana atashirikishwa katika wimbo unaobeba jina la albamu. Kurekodi wiki mbili, video wiki moja, uzinduzi baada ya mavuno. Bajeti imejumlishwa na katibu ameshatia sahihi.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, hali ya kawaida huwa hivi: nyimbo 4 au 5 zimekwisha, mmoja una gitaa na kinanda lakini hauna sauti, mwingine una sauti zote ila mwimbaji mgeni aliyetegemewa hakufika, video ipo moja, na wazee wa mganda hawajawahi kusikia walichokipiga. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyelala. Watu wamefanya kazi kubwa, kisha mradi umekwama mahali pale pale ambapo miradi ya aina hii hukwama.

Makala haya hayamnyooshei kidole mtu wala kikundi. Ninavyoona, kasoro kubwa iko kwenye mpango wenyewe. Tarehe ya mwisho huwekwa kwa ajili ya uzinduzi, siku ya mgeni rasmi, badala ya kuwekwa kwa ajili ya siku ambayo mshiriki na msikilizaji watakuwa na nyimbo mikononi. Matatizo mengi yanayofuata yanaanzia hapo.

Mtindo wa kukusanya wanamuziki wasio wa bendi moja na kuwapa kila mmoja sehemu yake una historia ndefu. Uingereza, mwaka 1975, fundi wa sauti Alan Parsons na mtunzi Eric Woolfson walianzisha The Alan Parsons Project, mradi wa roki ya progresivu, yaani ile roki inayopenda nyimbo ndefu, zinazobadilika mwendo katikati na kuzunguka wazo moja albamu nzima. Kati ya 1976 na 1987 walitoa albamu 10. Waimbaji walibadilika kutoka wimbo hadi wimbo, na kwa miaka yote hiyo mradi uliishi studio, haukuzunguka majukwaani. Parsons alikuwa ameshafanya kazi ya ufundi katika studio za Abbey Road mjini London, na Woolfson alibeba utunzi pamoja na upande wa biashara. Kazi ya kila mshiriki ilijulikana, na kwenye jalada iliandikwa nani ameimba wimbo upi. Nawataja kwa sababu hiyo. Vifaa vyao hatuna na si lazima tuwe navyo, lakini mgawanyo ule wa kazi unawezekana hata Ludewa.

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, bendi au kwaya iliyotaka kurekodi ilitegemea zaidi studio za redio ya taifa Dar es Salaam. Watu waliingia wote kwa pamoja, wakapiga wimbo mwanzo hadi mwisho mbele ya maikrofoni, na mkanda ukabaki redioni. Mmoja akikosea, wote walirudi mwanzo, kwa hiyo wimbo ulipelekwa pale ukiwa umeiva. Kompyuta imeliondoa sharti hilo. Leo chumba kimoja nyuma ya duka, kuta zake zimefunikwa kwa trei za mayai na mablanketi, kinaweza kurekodi watu 30 mmoja mmoja, kwa siku tofauti. Kwa kijana wa Mlangali au Lugarawa hii ni nafasi ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Imekuja pia na mazoea ya kuingia studio na nusu ya wimbo, kwa imani kwamba prodyuza ataimalizia.

Halafu kuna umbali. Kutoka Ludewa mjini unapanda Mawengi, unapita Mlangali, unafika Itoni, hapo unaikuta barabara kuu ya Njombe na Songea. Makambako, penye njia panda ya barabara ya Zambia na reli ya TAZARA, ni kilomita kama 60 mbele ya Njombe. Mzee wa Manda au Lupingu anaanzia chini kabisa, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwinuko usiofika mita 500, na studio anayoiendea iko juu ya mita 1,600. Bajeti nyingi huandika safari hiyo kwa neno moja tu, nauli.

Upangaji wa muziki ndio hatua inayopewa muda mfupi kuliko zote, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa gharama. Mwalimu wa kwaya ana nota zake, kila sauti inajua inakwenda wapi. Mganda hauna nota. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameeleza jinsi ngoma hizi zenye mistari ya gwaride na vyeo vya kijeshi zilivyosambaa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mganda ni mmojawapo wa ukoo huo. Unachezwa pande zote za Ziwa Nyasa. Kinachouongoza ni ngoma kubwa na jicho la kiongozi. Anapoona wachezaji wamechangamka, anaongeza mzunguko, wakichoka, anaufunga. Huo ndio uzuri wake, na ndio unaoisumbua kompyuta.

Chukua wimbo unaoanza na kioda, ukaingia mganda, ukatulia kwa kwaya peke yake, kisha ukamalizia na gitaa. Unaweza kufika dakika 10, na ni wimbo mzuri kuuwaza. Lakini fundi anatakiwa kuipangia mashine mwendo wa kila sehemu kabla ya mtu wa kwanza kurekodi, maana wote watakaofuata watapiga kwa kufuata mdundo huo masikioni. Zikibaki sehemu ambazo mwendo wake haujaamuliwa, zitaamuliwa na yeyote atakayerekodi kwanza. Akija wa pili akaona mwendo haumfai, ama sauti zilizokwisha kuingia zianze kukatwa na kuvutwa, ama kwaya irudi upya. Jioni 3 za mazoezi ya pamoja Ludewa, watu wote uwanjani na simu moja inarekodi mwanzo hadi mwisho, zingeonyesha tatizo hilo bure. Mipango mingi haina jioni hizo, kwa sababu mtu wa gitaa yuko Njombe na mtu wa kinanda yuko Makambako, na kuwaleta Ludewa kwa mazoezi kunaonekana ni anasa.

Kisha hesabu ya saa. Kwaya ya sauti 4 yenye nyimbo 8, kila sauti ikirekodiwa mara mbili ili ijae, inapita mbele ya maikrofoni mara 64. Wimbo ukiwa na dakika 6, hizo ni dakika 384, zaidi kidogo ya saa 6, kama hakuna atakayekosea, kukohoa wala kuchelewa kuingia. Kila mpito ukirudiwa mara 3, jambo la kawaida kwa watu wasiozoea kuimba wakiwa wamevaa hedifoni, tumefika saa 19. Hapo bado gitaa, besi, kinanda, ngoma na mgeni. Ukikuta mpango umeweka siku 2 kwa sauti za kwaya, tarehe ya mwisho imeshapitwa kabla hata gari halijaondoka.

Kurekodi kwenyewe kuna mambo ambayo hayaandikwi kokote ila kila aliyefika anayajua. Ngoma iliyopigwa vizuri kwenye joto la ufukweni hulegea ikifika kwenye baridi na unyevu wa nyanda za juu, hasa Juni na Julai. Nyumbani mpigaji angeipasha moto mpaka ngozi ikaze, aipige, ikilegea airudishe motoni. Ndani ya chumba cha studio chenye mablanketi ukutani hakuna mahali pa moto. Ngoma inatolewa nje kwenye jiko la mkaa, inarudishwa, inafaa kwa wimbo mmoja au nyimbo mbili, inatoka tena. Saa ya studio inahesabiwa muda wote huo. Fundi asiyejua ngoma za ngozi humwambia mzee apige hivyo hivyo, atarekebisha kwenye kompyuta, na mara nyingi kinachotoka si sauti ya mganda tena. Mzee anaijua tofauti hiyo papo hapo, ila anaona aibu kusema mbele ya vijana wenye mashine.

Ndiyo maana nawaelewa wanaopeleka mashine Manda badala ya kuwapeleka wazee Makambako. Kompyuta ya mapakato, kadi ya sauti, maikrofoni 4 na stendi zake vinaingia kwenye mabegi mawili. Ngoma inabaki kwenye hewa yake, wachezaji wanacheza huku wakipiga, kiongozi anaona miguu. Gharama ya kusafirisha fundi mmoja ni ndogo kuliko ya wazee 15. Ubaya nao upo: upepo wa ziwani unaingia kwenye maikrofoni, jogoo na watoto hawasubiri, na kompyuta inahitaji umeme wa uhakika muda wote. Wanaofanikiwa huchagua chumba cha darasa siku ya mapumziko, wakatundika mashuka madirishani, na wakarekodi mganda wote kwa pamoja kama zamani. Mizunguko inayozidi inapunguzwa baadaye. Kwa mganda na kioda mimi ningeshauri njia hiyo bila kusita. Kwa kwaya na magitaa, chumba cha mjini bado ni bora.

Kalenda ya shamba nayo ina nguvu kuliko kalenda ya mradi. Mahindi, viazi mviringo na mbao ndivyo vinavyotoa michango ya wanakikundi. Fedha hupatikana baada ya mavuno, na kazi huanza hapo. Ikichelewa miezi 3 tu, mvua zinaanza, watu wanarudi shambani, barabara za milimani zinakuwa ngumu, na kilichobaki kinasubiri mwaka mwingine. Kwa nje inaonekana mradi umetelekezwa, kumbe umeingia msimu.

Kinachoachwa bila kumalizwa karibu kila mara ni kile kisichoonekana. Video inaonekana, sare mpya zinaonekana, bango la uzinduzi linaonekana, na hivyo hupata fedha kwanza. Kuchanganya sauti na kutengeneza masta, yaani nakala ya mwisho ya wimbo, huja mwisho, wakati mfuko umebaki na vumbi, na fundi anafanya kwa saa chache kazi ya siku kadhaa. Sauti za kina mama zinamezwa na kinanda. Majina ya walioshiriki hayajaandikwa. Makubaliano ya maandishi hayapo.

Hili la makubaliano si dogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na inamtambua pia mtu anayepiga au kuimba. Ina hata sehemu inayohusu sanaa za jadi. Mpiga ngoma wa Manda ana haki katika kile alichokipiga sawa na mwimbaji mwenye jina alivyo na haki yake. Katika miradi mingi yule mwenye jina ndiye pekee aliyesaini kitu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja na karatasi yake. Wengine walipewa nauli na chakula, wakaambiwa mambo yakiwa mazuri watakumbukwa. Wimbo ukianza kuchezwa, hapo ndipo maneno huanza, na kikundi kilichoimba kwa umoja kinagawanyika kwa jambo ambalo ukurasa mmoja wa daftari ungelimaliza mapema.

Jambo lingine linaloachwa ni kutunza kazi yenyewe. Mstari mmoja wa sauti uliorekodiwa kwa kiwango cha kawaida cha studio, biti 24 na kilohezi 48, unachukua takribani megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 10 wenye mistari 40 ni gigabaiti 3.5 hivi. Nyimbo 8 za namna hiyo ni gigabaiti 28. Kazi yote ya mwaka, safari zote, jasho lote, vinaingia kwenye diski ndogo inayotosha mfukoni. Hata hivyo, mara nyingi nakala pekee iko kwenye kompyuta ya studio. Ikiharibika, ikiibwa, au mwenye studio akihamia mji mwingine, kikundi kinabaki na wimbo uliotumwa kwa simu. Hakuna tena namna ya kupandisha sauti za kina mama, wala kutoa sehemu ya mgeni aliyegoma.

Watu huuliza kwa nini gharama hupanda wakati bei ya studio haikubadilika. Jibu liko kwa watu wanaosubiri. Kwaya ya watu 24 ikilala mjini siku moja zaidi kwa sababu umeme ulikatika au wimbo wa tano haujakubaliwa mwendo, hiyo ni milo 72, pamoja na malazi, pamoja na siku 24 za kazi zilizopotea nyumbani. Studio ikitoza saa 3 tu siku hiyo, bili yake ni sehemu ndogo ya hasara. Mgeni mwenye jina akibadilisha tarehe, wanaoathirika ni wale waliopangwa kumzunguka. Na malipo ya awali yakishatolewa, kikundi hakiwezi tena kuhama hata kama fundi amezidiwa na kazi. Kila nyongeza ni ndogo, inakubaliwa na watu waungwana, na mweka hazina anaiandika bila kugundua kwamba jumla imekaribia kuwa mara mbili.

Uzinduzi hutegemewa kuziba pengo hilo. Wageni hutoa fedha taslimu na ahadi, na ahadi ndizo kubwa zaidi. Baadhi hulipwa, baadhi hazilipwi, na si haki kumlaumu mtu aliyeahidi mbele ya umati kisha mazao yake yakakosa bei. Kosa ni kuiweka ahadi kwenye bajeti kama fedha iliyoko mezani.

Tumfikie sasa msikilizaji, ambaye mpango humtaja mara moja tu. Zamani alinunua kanda, baadaye CD. Sasa mradi unasema nyimbo zitawekwa mtandaoni, na hapo hesabu ya usambazaji inafungwa. Kwa mtu wa Njombe mjini inatosha. Kwa bibi wa Lupingu aliyeitikia kiitikio, kutazama video kunahitaji simu janja, mtandao na bando, na simu aliyonayo huenda ni ya vitufe yenye nafasi ya memori kadi. Faili la MP3 la kiwango cha kilobiti 128 linachukua karibu megabaiti 1 kwa dakika, kwa hiyo albamu nzima ya dakika 50 haifiki megabaiti 50. Kijana mmoja mwenye kompyuta kwenye kibanda cha kuchaji simu anaweza kuiingiza kwenye kadi za kijiji kizima kwa siku moja ya gulio. Redio zinazosikika wilayani nazo zinahitaji kupelekewa faili safi, lenye jina la wimbo na majina ya waimbaji. Mambo haya ni rahisi na yana gharama ndogo, ila lazima mtu apewe jina, nauli na tarehe ya kuyafanya.

Miradi inayofika mwisho ipo, na ina tabia zinazofanana. Huanza na nyimbo 2, ikazipeleka mpaka mwisho kabisa, kuanzia mazoezi ya pamoja hadi kadi za simu kijijini, kisha ndipo hugusa wa 3. Njia hii ina gharama zake: safari zinakuwa nyingi, na nyimbo zilizorekodiwa misimu tofauti hazilingani sauti, jambo linalowauma wale wanaotaka albamu isikike kama kisa kimoja. Hata hivyo, nyimbo 2 zinazosikika Manda zina faida kuliko 8 zilizomo kwenye kompyuta ya mtu Makambako.

Kwa kikundi kinachojiandaa kuingia studio baada ya mavuno yajayo, naomba mambo mawili yafanyike kabla ya kulipa malipo ya awali. Nunueni diski 2, moja ikae kwa mweka hazina na nyingine kwa mwalimu, na mpange na mwenye studio kwamba kila jioni kazi ya siku hiyo inanakiliwa humo. Kisha andikeni kwenye daftari majina ya wote watakaoimba na kupiga, kila mtu atapokea nini, na ni nani atakayempelekea nyimbo mzee wa ziwani, tarehe ngapi. Tarehe hiyo ndiyo iwe ya mwisho ya mradi, na ya uzinduzi ifuate nyuma yake.